Nguva ni Mnyama: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Vipindi

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni,
Dar es Salaam.

YAH: VIPINDI VYENU VYA WANYAMA, KAZI NA MITAMBO

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam kutoka Kilwa. Jina la kituo chako nimeliacha kwa makusudi. Ninachotaka ni kipindi kirekebishwe, na wewe ukisoma utajijua.

Njia ya faragha nimeimaliza. Barua ya kwanza niliituma kwa posta, ya pili kwa barua pepe, ya tatu niliileta mwenyewe hadi mapokezi nilipokuja Dar es Salaam wakati wa likizo, ikagongwa muhuri mbele ya macho yangu. Simu nimepiga mara nne. Kila mara nimejibiwa kwa upole, "Mwalimu, ujumbe wako umefika," na mambo yakaishia hapo. Huu ni mwaka wa pili. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari ya kata. Darubini tunayo moja, na lenzi yake ina ufa. Kwa hiyo kipindi chenu cha Jumapili jioni, kile cha wanyama, kazi zisizo za kawaida na mitambo mikubwa, ndicho kilikuwa maabara yetu. Nimewahi kufundisha mzunguko wa damu kwa kuanzia na twiga mliyemwonyesha: jinsi moyo wake unavyosukuma damu ipande shingo yote ile mpaka kwenye ubongo, na kwa nini hazimii anapoinama kunywa maji. Siku ile hakuna mwanafunzi aliyesinzia. Nawashukuru kwa hilo, tena kwa dhati, na ni kwa sababu ya siku kama ile kwamba yafuatayo yananiuma.

1. Mmerusha hadithi ya kubuni mkaiita sayansi

Jumapili moja mlionyesha kipindi cha Kimarekani kinachodai kwamba wanasayansi wamepata mabaki ya kiumbe nusu mtu nusu samaki, na kwamba serikali inaficha habari hizo. Msimulizi wenu wa Kiswahili alimwita kiumbe huyo nguva, mwanzo hadi mwisho.

Kipindi hicho kilitoka Marekani mwaka 2012 na kilikuwa cha kubuni. Wanasayansi wale ni waigizaji, na kiumbe ametengenezwa kwa kompyuta. Huko kwao watu waliamini hata NOAA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulika na bahari na hali ya hewa, likalazimika kutoa tamko mwaka uleule kwamba hakuna ushahidi wowote wa watu wa majini. Wenye kipindi walikuwa wameweka maelezo mafupi mwishoni, kwenye orodha ya majina ya watengenezaji, kwamba mambo yale ni ubunifu. Ninyi orodha ile mliikata mpate nafasi ya matangazo ya biashara. Hata mstari ule mmoja haukutufikia.

Jumatatu asubuhi, kidato cha pili, tulikuwa kwenye uainishaji wa viumbe. Niliandika ubaoni: mamalia wa baharini ni kama nyangumi, pomboo na nguva. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, nguva si mnyama. Jana wameonyesha, ni watu." Nusu ya darasa ikamuunga mkono. Mvulana mmoja akaongeza kwamba serikali inajua ila haisemi. Nilitumia vipindi viwili kubomoa kilichojengwa kwa saa moja, na sina hakika kama nilikibomoa chote.

Ndugu Mkurugenzi, nguva ni mnyama. Ana urefu wa mita tatu hivi na uzito unaoweza kupita kilo 400. Anakula majani yaotayo chini ya bahari kwenye maji ya kina kifupi, na kila baada ya dakika chache lazima aibuke avute pumzi. Anazaa mtoto mmoja, kwa mimba inayozidi mwaka, na anaweza kukaa miaka mitatu hadi saba ndipo azae tena. Katika wanyama wa nchi kavu, ndugu yake wa karibu ni tembo. Chuchu zake ziko kwenye makwapa, chini ya mapezi ya mbele, na ananyonyesha, na wengi wanaamini ndiyo maana mabaharia wa zamani walimwona kwa mbali wakadhani ni mwanamke. Maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa ndiyo kimbilio lake katika pwani ya Tanzania, na waliobaki ni wachache mno.

Kinachommaliza zaidi ni jarife, wavu mkubwa unaotegwa baharini. Babu wa mwanafunzi wangu mmoja, mvuvi wa Somanga, alinisimulia jinsi alivyovuta jarife alfajiri moja ya ujana wake, akaliona zito akadhani ni papa. Alikuwa nguva jike. Alikuwa amekwisha kufa kwa kukosa pumzi, nyavu zimemzunguka shingo. Mtoto wake alikuwa hai, anauzunguka mtumbwi, akiibuka ubavuni mwa chombo na kupuliza pumzi, kisha anazama, kisha anaibuka tena palepale. Mzee alisema yeye na mwenzake hawakusemezana neno mpaka walipofika pwani. Alinionyesha kwa kiganja jinsi pua ya yule mtoto ilivyokuwa ikifunguka na kufunga.

Yule mzee yupo. Anakaa mwendo wa basi tu kutoka kwenye ofisi zenu. Mngemweka mbele ya kamera kwa dakika kumi, watoto wa nchi hii wangejua nguva ni nini na kwa nini baba zao waangalie wanapotega jarife. Mtoto anayeamini kwamba nguva ni watu wanaojificha hatamwonea huruma mnyama anayekufa wavuni.

Na kama mnataka maajabu ya kweli, yapo. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 alivuliwa kwenye maji yetu haya ya Kilwa, wa kwanza kuandikwa Tanzania. Baadaye wakapatikana wengi Tanga, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Habari hiyo haihitaji chumvi. Sijaiona kwenye kipindi chenu hata mara moja.

2. Tafsiri yenu inaficha jambo lenyewe

Anayesimulia ana sauti nzuri, hilo nakubali. Shida ni kwamba mara nyingi hajui anachokitaja. Chukua kipindi cha nyumbu wa Serengeti. Msimulizi alisema nyumbu waliongezeka "baada ya virusi vya rindapesti kudhibitiwa", kisha akakimbilia mamba wa mto Mara.

Hakuna mfugaji anayejua rindapesti ni kitu gani. Sema sotoka, na mzee yeyote wa Kimasai, Kisukuma au Kigogo atanyanyua kichwa. Sotoka ndiyo iliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, na njaa iliyofuata ikafyeka watu. Ndama wa nyumbu waliipata kutoka kwa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Ng'ombe wa jirani wakachanjwa, na sotoka ikakoma kwa nyumbu bila nyumbu hata mmoja kudungwa sindano. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa takriban milioni 1.3. Nyumbu wengi wakala nyasi nyingi, nyasi zilipopungua moto wa kiangazi nao ukapungua, na miti ikaanza kurudi. Chanjo iliyotumika kuifuta sotoka ilitengenezwa hapa jirani, Muguga nchini Kenya, na daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake, na mwaka 2011 ugonjwa huo ukatangazwa kutokomezwa duniani kote.

Ndani ya habari hii kuna mfugaji, kuna bwana mifugo na jokofu lake la chanjo, kuna ng'ombe, nyumbu, moto na miti. Ni somo la ikolojia lililokamilika. Kwenye televisheni yenu lilipita kwa sekunde tatu likiwa limevaa neno ambalo mtazamaji hawezi kulishika. Familia ya Bunda, inayolala jirani na hifadhi, ilitazama nyumbu wake mwenyewe bila kuambiwa kwamba baba zao waliokubali ng'ombe wao wachanjwe ndio waliochangia kuwajaza wale nyumbu.

Makosa madogo ni mengi na sitayahesabu yote. Popo mmemwita ndege. Buibui mmemwita mdudu mwenye miguu sita huku miguu minane inaonekana kwenye kioo.

3. Panya ana jina, mtu hana

Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu kwa mara ya kwanza, kabla hata ya nguva.

Mlionyesha panya buku wa Morogoro. Shirika la APOPO, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limekuwa likiwafundisha tangu mwaka 2000 kunusa baruti ya mabomu ya kutegwa ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja anaweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Ni mwepesi, hivyo hawezi kulipua bomu analolikanyaga. Panya hawa walisaidia kazi iliyoifikisha Msumbiji mwaka 2015 kutangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akapata medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, na hadi alipokufa Januari 2022 alikuwa amegundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100.

Jina la Magawa mlilitaja mara tisa, nilihesabu. Kwenye picha zenu alikuwepo dada mmoja Mtanzania. Alimfunga panya mkanda mdogo kifuani, akaukaza kwa vidole viwili, akamtazama anavyotembea kwenye kamba, na aliposimama na kukwaruza udongo mahali penyewe, akabonyeza kile kidude kinacholia tik na kumpa kipande cha ndizi. Yote yaliyofanya panya yule awe shujaa yalikuwa kwenye mikono ile. Dada hakutajwa jina. Hakuulizwa swali. Aliyeeleza kazi yake alikuwa mgeni aliyesimama pembeni.

Vivyo hivyo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Mmewaweka kwenye "kazi za ajabu duniani" na mkawawekea muziki wa vichekesho. Walina asali wale wanapiga mluzi maalumu kumwita kiongozaasali, ndege anayewaongoza hadi kwenye nyuki. Wao wanatafuta asali, ndege anatafuta nta na mabuu. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mlio wao mwingine kabisa. Utafiti wa Claire Spottiswoode na wenzake uliochapishwa mwaka 2016 ulipima mlio huo wa Wayao porini: kwa kuutumia, uwezekano wa kuongozwa na ndege hadi kufikia nyuki ulipanda kutoka karibu asilimia 17 hadi 54. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba ndege wa kila eneo huitika zaidi mlio wa watu wa eneo lake. Mnyama wa porini na binadamu wanaelewana kwa lugha, na lugha hiyo ina lahaja. Hapo muziki wa vichekesho unatafuta nini?

4. Uhandisi wetu mnauonyesha siku ya kukata utepe tu

Madaraja ya China, mashine za kuchimba mahandaki za Ulaya, meli za Korea, tumeziona zote, na ni vipindi vizuri. Lakini Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na kwenye kituo chenu nimeliona kwenye taarifa ya habari tu, hotuba na makofi. Hakuna aliyemwonyesha mwanafunzi wangu wa kidato cha nne maji yanavyoingia, yanavyogeuza gurudumu, na umeme unatokea wapi hasa. Daraja la Kigongo–Busisi lina takriban kilometa 3 juu ya Ziwa Victoria. Nguzo zake zimesimamishwaje kwenye tope la sakafu ya ziwa? Nimeulizwa swali hilo darasani nikakosa cha kuonyesha.

Na si lazima iwe mikubwa. Kilwa Kivinje nimekaa nikimtazama fundi wa majahazi akikalafati. Anasokota pamba, anaichovya kwenye mafuta, anaishindilia katikati ya mbao kwa patasi na nyundo ya mti, na muda wote anasikiliza. Mlio ukiwa mfupi na mkavu, pamba imekaa. Ukiwa mzito, anang'oa na kuanza upya. Hana mchoro wa karatasi. Vipimo vya chombo cha tani kadhaa viko kichwani na kwenye shubiri zake. Ana tezo, keekee na msumeno, na chombo kinavuka bahari. Huyo ni mhandisi, naye ana umri mkubwa na hana mwanafunzi.

5. Muda

Kipindi kimehamishwa kutoka saa moja jioni hadi saa tano na nusu usiku. Nafasi yake mmeweka droo za bahati nasibu. Saa tano na nusu usiku watoto wa nchi hii wamelala.

Najua mtakayojibu, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyasikia kwenye simu.

Mtasema kutia sauti ya Kiswahili iliyohakikiwa ni ghali. Nendeni kibanda umiza chochote. Kijana mwenye kompyuta moja na maikrofoni anatafsiri filamu nzima ya Kikorea, watu wanalipa kuingia, wanacheka na kulia mahali panapostahili. Sauti mnayo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kusoma tafsiri kabla haijarekodiwa, na vyuo vyetu vikuu vimejaa wataalamu wa wanyamapori, mifugo na bahari. Mimi mwenyewe nilijitolea kwenye barua yangu ya pili kusoma za baiolojia bila malipo, na ahadi hiyo bado ipo.

Mtasema mkataba na wauzaji wa vipindi hauruhusu kubadili chochote. Kama mkataba uliwaruhusu kukata orodha ya majina na kuweka tangazo la mkopo wa simu, basi una nafasi ya sentensi moja ya kusema kipindi hiki ni cha kubuni.

Mtasema watazamaji wanataka burudani. Sikatai. Ila mwanafunzi wangu hakuwasha televisheni akitafuta uongo. Alikaa mbele ya kipindi kilichoandikwa "sayansi" kwenye kona ya kioo, akawaamini. Akitaka tamthilia anajua ziko saa ngapi.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Mrushe marekebisho ya kipindi cha nguva, siku ileile ya Jumapili na saa ileile kilipoonyeshwa, mkieleza wazi kwamba kilikuwa cha kubuni na kwamba nguva ni mnyama aliye hatarini.

(b) Tafsiri ya kila kipindi cha sayansi isomwe na mtaalamu wa fani hiyo kabla ya kurekodiwa, na jina lake litajwe mwishoni.

(c) Kila mfanyakazi, mvuvi, mfugaji au fundi anayeonyeshwa akifanya kazi yake aandikwe jina kwenye kioo, kama mnavyowaandika wanasiasa, na aulizwe aieleze kazi yake kwa kinywa chake.

(d) Mtengeneze wenyewe angalau kipindi kimoja kwa mwezi kuhusu kazi, wanyama na uhandisi wa Afrika Mashariki. Mkianzia na mzee wa Somanga nitawapeleka mimi.

(e) Kipindi kirudi saa moja jioni.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 30. Likija nitalisoma hadharani kama nilivyoandika hii hadharani, hata kama ni la kukataa. Lisipokuja, nitapeleka nakala za barua zote nne kwenye mamlaka inayosimamia utangazaji, pamoja na tarehe na muhuri wenu.

Yule msichana wa dawati la mbele sasa yuko kidato cha nne. Mwezi uliopita aliniuliza kama ile habari ya nguva ilishasahihishwa kwenye televisheni, kwa sababu nyumbani kwao bado hawamwamini yeye. Nilimwambia nimeandika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Baiolojia,
Wilaya ya Kilwa, Lindi.

Nakala: Walimu wenzangu wa sayansi, na wazazi wa wanafunzi wetu.